Tishari la Kahawa, Dari la Makaa

Mpiga chelo anayeijua kazi yake akiingia mahali asipopajua hafungui kwanza mkoba wa ala yake. Husimama katikati ya chumba akapiga kofi moja kavu, kisha akatulia. Anasikiliza kofi lile limekwenda wapi, limerudi na nini, na limechukua muda gani kufa. Husogea karibu na ukuta akapiga jingine. Hugonga sakafu kwa kisigino ajue kama chini kuna uwazi au kuna zege, na kwake yeye hilo ni jambo zito kuliko kwa wenzake, kwa kuwa chelo husimama juu ya mguu mwembamba wa chuma na sehemu ya sauti yake hushuka kwa mguu huo hadi sakafuni. Sakafu ya mbao iliyo wazi chini huitikia. Zege haliitikii kitu. Ndiyo sababu wapo wapigaji wanaosafiri na kipande chao cha mbao. Wakifika mahali pa zege hukilaza chini na kuisimamisha chelo juu yake.

Wakati huo mwenzake wa fidla anatafuta viti visivyo na mikono, maana kiti cha mikono humzuia mtu kuvuta upinde hadi mwisho. Mwingine anauliza ni taa zipi zitakazobaki zinawaka, kwa sababu nota zilizochapwa kwa wino mwembamba hazisomeki kwenye giza la baa. Wa nne yuko jikoni, au kaunta, au kwa baharia wa zamu, na anaomba jambo linaloonekana dogo: mashine ile inayovuma pale pembeni, inaweza kuzimwa kwa saa moja na nusu?

Msikilizaji hafiki mapema kiasi cha kuiona nusu saa hii, naye akija hukuta viti vimekwisha kupangwa kana kwamba vilikuwa hapo siku zote. Mimi naamini humo ndimo ulimo ufundi wa kuutoa muziki wa chumbani katika kumbi zake rasmi na kuupeleka kwenye gereji, ghala, baa au chombo cha majini. Watu husifu ujasiri wa wapigaji. Ujasiri wanao, lakini kinachonivutia zaidi ni masikio yao na adabu yao: kukisikiliza chumba kabla ya kutaka watu wawasikilize wao, na kumchukua mwenye chumba kuwa mshirika katika sanaa.

Muziki wa chumbani ni wa wapigaji wachache, kuanzia wawili hadi wanane au tisa, kila mmoja na mstari wake asioshirikiana na mtu, bila kiongozi wa kuwapungia kijiti. Kundi linalojulikana kuliko yote ni kwarteti ya nyuzi: fidla mbili, viola moja na chelo moja. Msikilizaji wa taarabu wa Unguja au Mombasa hana haja ya kuelezwa fidla ni nini. Ila katika taarabu fidla kadhaa huungana zikaimba mstari mmoja kwa nguvu moja, na katika kwarteti hakuna wa kujificha nyuma ya mwenzake. Hata kuanza kwenyewe ni kwa pumzi. Mpiga fidla wa kwanza huvuta hewa puani, mabega yake yakapanda kidogo, na katika pumzi hiyo moja wenzake watatu wanasoma mambo mawili kwa pamoja: mwendo utakaokuwa, na uzito wa upinde unaotakiwa. Ukikaa safu ya mbele utaisikia. Ukikaa mita 40 nyuma, kwenye ukumbi wa watu 2,000, hutaisikia, na nusu ya mazungumzo yao itakuwa imekupita.

Kwa hiyo chumba kidogo si upungufu kwa muziki huu. Ndicho ulichotungiwa. Joseph Haydn, ambaye kwarteti ilipata umbo lake mikononi mwake, alianza kuziandika miaka ya 1750 alipoalikwa kwenye nyumba ya shamba ya Baron Fürnberg, huko Weinzierl nchini Austria. Wapigaji walikuwa wale waliopatikana: kasisi wa mahali pale, msimamizi wa shamba, Haydn mwenyewe, na mtu aliyeitwa Albrechtsberger kwenye chelo. Hakukuwa na jukwaa. Palikuwa na watu wanne, ala nne, na chumba cha mtu.

Lakini zaidi ya miaka 70 kabla ya hapo, mtu mmoja jijini London alikuwa amekwisha kufanya jambo la ajabu zaidi, naye ndiye ninayemrudia kila nikitaka kuelewa ufundi huu umetoka wapi.

Thomas Britton alikuwa mchuuzi wa makaa. Alizaliwa Northamptonshire, akaja London kujifunza biashara, kisha akapanga banda lililokuwa zizi la farasi mtaa wa Clerkenwell. Chini akaweka makaa. Juu, darini, akaweka muziki. Kutwa alizunguka mitaani na gunia mgongoni akinadi makaa. Jioni aliosha masizi, akapanda ngazi. Kuanzia mwaka 1678, kila Alhamisi, wapigaji walikusanyika katika dari lile, na shughuli hiyo iliendelea miaka 36 hadi alipofariki mwaka 1714. Ngazi ilikuwa ya nje, ya kupandwa kwa tabu. Chumba kilikuwa kirefu, chembamba, na kifupi kwenda juu kiasi kwamba mtu mrefu alilazimika kuinamisha kichwa. Humo humo akawa na kinanda kidogo cha mabomba na kinubi cha vibonye kilichotengenezwa na ukoo wa Ruckers wa Antwerp, mafundi waliosifika kuliko wote wakati ule. Yeye mwenyewe alipiga viola ya magotini.

Waliopanda ngazi ile hawakuwa watu wa mtaani peke yao. Mabwana na mabibi wa tabaka la juu waliinua marinda yao wakapita juu ya makaa. Johann Christoph Pepusch, mtunzi aliyekuwa na jina London, alipiga pale, na husimuliwa kwamba Handel naye, baada ya kufika mjini mwaka 1710, aliketi kwenye kinanda kile. Mwanzoni kuingia kulikuwa bure. Baadaye wakakubaliana kutoa shilingi 10 kwa mwaka, na kahawa ikauzwa peni moja kikombe.

Kinachonigusa kwa Britton hakiko katika ajabu ya muuza makaa kupenda muziki. Kupenda ni kwa kila mtu. Kinachonigusa ni kwamba hakuacha gunia. Alikuwa pia mkusanyaji wa vitabu vya kale, na Jumamosi alikuwa akikutana na wenzake wa shughuli hiyo, wakiwemo malodi, kwenye duka la vitabu la Paternoster Row. Alifika akiwa na joho lake la buluu la kazi, akatua gunia dirishani, akaingia, akajadiliana nao vitabu, kisha akatoka na kulibeba tena. Mtu wa namna hiyo haendi kuomba ukumbi wa wengine. Anajua alicho nacho, dari lenye vumbi, na analitengeneza hadi liwe mahali ambapo mpigaji bora wa mji atataka kupiga. Picha yake iliyochorwa na John Wollaston iko hadi leo katika Jumba la Picha la Taifa jijini London, miongoni mwa wafalme na majenerali.

Angalieni tena umbo la lile dari: refu na jembamba. Nitalirudia, maana tutalikuta tena ng'ambo ya Atlantiki.

Olga Bloom alizaliwa Boston mwaka 1919. Alikuwa mpiga fidla na viola, na maisha yake ya kazi yalikuwa yale ya wapigaji wengi wa New York: leo kwenye shimo la orkestra la ukumbi wa Broadway, kesho studio ya kurekodi, keshokutwa orkestra iliyoongozwa na Leopold Stokowski. Ni kazi ya heshima nayo hulisha familia, lakini mpigaji hupewa nota na mwendo, akapiga alichoandikiwa, akaenda nyumbani. Muziki wa chumbani, ambamo kila mmoja ana neno la kusema, wapigaji hawa walikuwa wakiufanya sebuleni mwa mmoja wao baada ya kazi, kwa mapenzi, bila msikilizaji. Bi Olga alitaka mahali pa kuufanyia. Ardhi ya New York hakuimudu. Akageukia maji.

Kwa mtu wa pwani yetu, kilichoyafanya maji yawe rahisi kinaeleweka mara moja: ni makontena. Kabla yake, bandari ya New York ilijaa matishari. Meli ilitia nanga, mizigo ikashushwa kwa mikono na winchi hadi kwenye tishari, tishari likavutwa na tagi hadi gati la reli upande wa pili. Mwaka 1956 meli ya Ideal X iliondoka Newark na makontena 58, na katika miaka 20 iliyofuata magati ya Brooklyn na Manhattan yalianza kufa, kazi ikahamia New Jersey kwenye nafasi pana za kuegesha makontena. Matishari yakabaki hayana mwenyewe. Chombo kilicholisha mamia ya makuli kikawa chuma cha kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Katikati ya miaka ya 1970 Bi Olga akanunua moja. Lilikuwa tishari la chuma, lililoundwa mwaka 1899, lenye urefu wa mita 30 hivi, na kazi yake ya zamani ilikuwa kubeba magunia ya kahawa bandarini. Halina injini, tishari ni sanduku tu linaloelea. Akalifunga kwenye gati la Fulton Ferry, Brooklyn, mahali ambapo feri ya mvuke ya Robert Fulton ilianza kuvusha watu mwaka 1814, hatua chache kutoka chini ya Daraja la Brooklyn lililoiua feri hiyo taratibu baada ya kufunguliwa mwaka 1883. Mwaka 1977 maonyesho yakaanza, na kwa zaidi ya miongo minne tishari lile lilikuwa ukumbi wa muziki wa chumbani, likiitwa Bargemusic.

Sanduku la chuma, bila kutengenezwa, ni mahali pabaya kwa fidla. Chuma hurudisha sauti za juu kwa ukali, kama kisu. Bi Olga alipata mbao zilizotolewa kwenye feri ya zamani ya Staten Island iliyokuwa ikivunjwa, akazipigilia kuta za ndani. Watu hupenda kusema mbao "huimba" pamoja na ala. Husemwa kwa mapenzi, na sipendi kuwaharibia raha, lakini ukweli wake unapendeza zaidi. Ubao mzito hurudisha sauti, ila kwa upole kuliko chuma, kwa kuwa uso wake si mgumu wala laini kama kioo. Ubao mwembamba uliopigiliwa mbali kidogo na ukuta hufanya jambo jingine: hutikisika kwa sauti za chini na kuzimeza. Chumba kidogo hukusanya mvumo wa chini kwenye pembe zake hadi chelo ikasikika kama iko ndani ya pipa. Mbao za namna hiyo huupunguza mvumo ule, na mstari wa chelo ukasikika kila noti mahali pake.

Na umbo? Refu na jembamba, kama dari la Britton. Waliojenga tishari mwaka 1899 walifikiria magunia, wala hawakufikiria muziki wa Schubert, lakini sanduku refu jembamba ndilo umbo la kumbi ambazo masikio ya dunia yamezikubali: Musikverein ya Vienna ya mwaka 1870, Concertgebouw ya Amsterdam ya mwaka 1888, ukumbi wa Boston wa mwaka 1900. Katika chumba cha namna hiyo kuta za pembeni ziko karibu, hivyo sauti inayotoka kwenye ala humfikia msikilizaji mara tatu kwa karibu sana: moja kwa moja, kutoka ukuta wa kulia, na kutoka ukuta wa kushoto. Sikio haliziachanishi. Huzichukua kuwa sauti moja, nene, inayomzunguka.

Ukumbi ule wa Boston ulikuwa wa kwanza kujengwa kwa hesabu ya sauti, na hesabu hiyo ilipatikana kwa kazi ya mikono ambayo naipenda mno. Mwaka 1895 Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliambiwa atibu ukumbi wa mihadhara wa jumba la Fogg, ambamo neno moja lilining'inia hewani zaidi ya sekunde 5, mhadhiri akawa anagombana na maneno yake mwenyewe. Usiku, mji ukishatulia, Sabine na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi jirani, wakaipanga, wakaliliza bomba la kinanda, wakapima muda wa sauti kufa. Wakaongeza mito, wakapima tena. Kabla ya asubuhi wakairudisha yote mahali pake. Kutokana na mito ile ikapatikana kanuni: muda wa mwangwi hupanda na ukubwa wa chumba, na hushuka kwa wingi wa vitu vinavyomeza sauti. Binadamu aliyeketi ni mmoja wa wamezaji wakubwa. Ndiyo maana kofi la mpiga chelo saa kumi na moja jioni, chumba kikiwa kitupu, humpa nusu tu ya habari. Nusu ya pili lazima aikisie: watu mia na ushei wenye makoti ya baridi wataondoa kiasi gani?

Hapo ndipo uzoefu unapojitenga na elimu. Katika chumba kikavu, noti ikifa upesi, wapigaji huvuta upinde mrefu zaidi, huongeza mtetemo wa kidole juu ya uzi ili noti isikauke, na huharakisha mwendo kidogo, kwa kuwa ukimya kati ya noti hauna kitu cha kuubeba. Katika chumba chenye mwangwi hufanya kinyume: hupunguza mwendo, hutenganisha noti, huacha ukuta umalize sentensi zao. Yote hayo huafikiwa kwa kutazamana, mara nyingi katika mistari michache ya kwanza mbele ya watu, na hakuna aliye nje ya kundi anayejua kuwa uamuzi umefanyika.

Tishari lina lake la ziada. East River huitwa mto, lakini ni mlango wa bahari unaounganisha bandari ya New York na ghuba ya Long Island, na maji yake hujaa na kupwa, mkondo ukageuka huku na huku kila siku. Feri ikipita, wimbi lake hufika baada ya dakika moja, na tishari huinuka, hulala upande, hurudi. Mpiga fidla aliyezoea nchi kavu huhisi upinde wake umekuwa mzito kwenye uzi kisha mwepesi, bila yeye kufanya lolote. Waliozoea hukaa kwenye ukingo wa kiti, nyayo mbili zimetandazwa sakafuni, magoti yamelegea, na huuacha mwili uende na chombo ili mkono ubaki huru. Ni mkao ambao nahodha yeyote wa jahazi angeutambua.

Kisha unyevu. Fidla ni mbao nyembamba kuliko watu wanavyodhani, milimita 3 hivi usoni, iliyogandishwa kwa gundi ya ngozi ambayo hulegea kwa maji na joto. Hewa ya baridi ya New York ndani ya nyumba zenye vipasha joto ni kavu. Juu ya maji ni nyevu. Ala ikitolewa kwenye moja na kuingizwa kwenye nyingine, mbao huvimba, daraja la nyuzi hupanda kidogo, nyuzi zikahama sauti. Mpigaji mwenye busara hufika mapema, akafungua mkoba, akaiacha ala ipumue kabla ya kukaza nyuzi.

Nyuma ya wapigaji kulikuwa na madirisha makubwa, na nje yake minara ya Manhattan ikiwaka. Wapo waliosema mandhari yale yanavuruga usikivu. Sikubaliani nao. Ukumbi wenye giza humwambia msikilizaji asahau yuko wapi. Tishari lilimwambia uko hapa, kwenye maji, katika mji huu, na hawa wanne wako hapa pamoja nawe, wote mnayumba pamoja. Kwa muziki uliozaliwa katika chumba cha mtu, hilo ni karibu zaidi na asili yake kuliko giza.

Baa ni somo jingine, nalo ni gumu zaidi, kwa kuwa tishari lilitengenezwa kwa ajili ya muziki, na baa ina kazi yake yenyewe. Mpiga chelo Matt Haimovitz alikwisha kupiga na orkestra kubwa tangu utotoni na alirekodi na kampuni yenye jina kuliko zote katika muziki huu. Kuanzia mwaka 2000 hivi alichukua vipande sita vya Bach vya chelo pekee akavizungusha kwenye baa na vilabu vya Amerika Kaskazini, na mwaka 2002 alipiga CBGB, klabu ya New York walikochipukia wanamuziki wa panki. Chelo aliyoingia nayo ilitengenezwa na Matteo Goffriller mjini Venice mwaka 1710, miaka minne kabla ya Britton kufa. Fikirini kuipitisha ala hiyo katikati ya meza zenye bia.

Adui mkubwa wa chelo katika baa ni friji, zaidi kuliko gumzo la watu. Watu hunyamaza wakipenda wanachokisikia. Friji hainyamazi. Umeme wa Marekani hukamilisha mzunguko mara 60 kwa sekunde, na mashine zake huvuma kwa kiwango hicho na maradufu yake. Uzi mzito wa chelo, ukiachwa wazi, hutetemeka mara 65 hivi kwa sekunde. Sauti hizo mbili zimekaribiana mno bila kukutana, na sikio, hata lisilo na mafunzo, huhisi kitu kinachogombana chini ya muziki. Kwa hiyo mpigaji lazima aende kaunta. Na akienda kaunta kwa kiburi cha msanii atarudi mikono mitupu, kwa sababu mwenye baa ana vinywaji vya kuuza na barafu ya kutunza. Akienda kama mtu anayeomba mwenzake washirikiane, watapanga: mashine ya barafu izimwe sehemu ya kwanza, iwashwe mapumziko, glasi zisioshwe wakati wa sehemu ya polepole, mlango wa nyuma ukae wazi usigonge. Mhudumu aliyepanga nao hayo tayari yumo katika onyesho. Nimeona watu wa namna hii wakiwanyamazisha wateja wao kwa kidole bila kuombwa na mtu.

Uchaguzi wa muziki nao hufuata mahali. Sehemu ya polepole ya kwinteti ya Schubert ya mwaka 1828, yenye chelo mbili, ina noti ndefu zinazotambaa kama ukungu; katika chumba kikavu hukauka zikawa mifupa, na hakuna ustadi wa kuziokoa. Kwarteti ya Haydn ya pili katika mkusanyiko wake wa mwaka 1781 huishi vizuri mahali pakavu, ila ina mtego mwishoni: wimbo hukatika, hunyamaza, hurudi, hunyamaza tena, hadi msikilizaji asijue kama umekwisha. Katika chumba cha watu waliokaa karibu na wapigaji, wanaoziona pinde zimesimama hewani, mtego huo hufanya kazi kama mtunzi alivyotaka. Kwenye baa yenye kelele hupotea. Kujua hivyo kabla ya kuchapa ratiba ni nusu ya kazi.

Siku hizi mahali pa ajabu pamekuwa mtindo. Kuna maonyesho ambamo kwarteti huwekwa kwenye jengo la kupendeza, ikazungukwa na mishumaa, kisha ikaunganishwa na vipaza sauti. Wapigaji wanaweza kuwa hodari, na watu hurudi nyumbani na picha. Lakini kipaza sauti kikishaingia, chumba kimeondolewa katika mazungumzo. Sauti haitoki tena kwenye fidla ile iliyo mbele yako ikagonga ukuta ule. Inatoka kwenye boksi pembeni, na ingekuwa ileile popote pengine. Pumzi ya mpiga fidla wa kwanza imegeuzwa kuwa kelele ya kuchujwa na fundi mitambo. Kama mahali hapawezi kubeba kwarteti bila umeme, basi pakaribishwe watu wachache zaidi, au patafutwe mahali pengine. Najua hesabu za fedha zinasema vinginevyo. Britton na Bi Olga nao walikuwa na hesabu za fedha.

Walitofautiana katika jambo moja. Britton alipokufa, mjane wake aliuza ala na vitabu vya nota, na orodha ya mali hiyo, ambayo imehifadhiwa, ni ndefu ya kushangaza kwa mchuuzi wa makaa. Alhamisi za Clerkenwell zikakoma. Dari lilikuwa yeye. Bi Olga alifariki mwaka 2011 akiwa na miaka 92, lakini alikuwa amekabidhi kazi miaka kadhaa kabla. Aliyemkabidhi, Mark Peskanov, ni mpiga fidla, na alikuwa amepiga mle ndani mara nyingi kabla ya kuwa mkuu wa mahali pale. Alikwisha kujua kiti cha chelo kikae umbali gani na ukuta, feri ya jioni hupita lini, na mlango upi ufungwe.